Mpime Akiwa Ameketi: Vazi la Halloween kwa Mtoto wa Kiti Mwendo

Joho lile jeusi la satini nililinunua Sabasaba, kwenye mitumba, kwa shilingi elfu sita, na halikudumu dakika kumi. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, alikuwa ndiyo kwanza ameingia uwanja wa shule yake akisukuma kiti mwendo chake mwenyewe, upepo wa Oktoba wa Dodoma ulipolipeperusha joho hilo hadi kwenye spoku za gurudumu la kulia, nalo likajizungusha humo na kumvuta shingo kwa nyuma. Kiti kilisimama ghafla. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu aliikata kamba ya shingoni kwa mkasi, na jioni yote iliyobaki mtoto aliimaliza akiwa na fulana yake ya kawaida na mstari mwekundu chini ya kidevu, akiwatazama wenzake wakikimbizana kwa mabawa na mikia.

Naomba nieleze kwanza habari ya sikukuu yenyewe, kwa kuwa najua wapo wasomaji watakaoshangaa Halloween imefikaje huku kwetu. Imefika kwa njia ileile iliyoleta keki za ngazi tatu kwenye sherehe za kipaimara, yaani kupitia shule, televisheni na simu. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, mji umepokea familia nyingi kutoka Dar es Salaam na kutoka nje ya nchi, na zipo shule binafsi ambazo sasa hufanya siku ya mavazi mwishoni mwa Oktoba, mtoto akaja amevaa kama rubani, malkia, simba au mzimu. Asili yake ni Ireland na Uskoti, katika mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki wa hapa huiadhimisha tarehe 1 Novemba bila mzimu wowote kuhusika. Wahamiaji wa Ireland waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na huko mboga za mizizi walizozoea kuzichonga sura ziliachwa, maboga yakachukua nafasi yake. Mama mkwe wangu, Mgogo wa Chamwino aliyelima maboga maisha yake yote, alipoambiwa kwamba kuna watu hukomba boga zima ili wawashe mshumaa ndani yake, tena mwezi wa kumi ambapo boga kulipata sokoni ni bahati, aliuliza swali moja tu: "Na nyama yake anakula nani?"

Sina ugomvi na mzazi anayeona sherehe hii haimfai mtoto wake. Wangu yumo katika darasa ambalo wote huvaa, na anapenda kuvaa. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja, nitampatia wapi vazi ambalo halitamnyonga.

Mwaka huu nilianza kutafuta mwezi wa nane. Kwenye intaneti nilikuta kwamba Marekani jambo hili limeshakuwa biashara: maduka ya Target yalianza kuuza mavazi ya Halloween kwa ajili ya watoto wenye ulemavu mwaka 2019, yakiwamo maumbo ya kuvalishwa juu ya kiti mwendo yenye sura ya gari la farasi la binti mfalme na ya merikebu ya maharamia, na mwaka uliofuata Disney nao wakatoa ya kwao. Lipo pia shirika liitwalo Magic Wheelchair, lililoanzia jimbo la Oregon, ambalo watu wake hujitolea kuwajengea watoto mavazi makubwa yanayozunguka viti vyao bila kuwatoza fedha. Baba aliyelianzisha alianza kwa kumjengea mwanawe merikebu ya maharamia. Nilikaa na picha hizo usiku mzima. Nilizikuza kidogo kidogo ili nione mishono, na nikajifunza mambo ambayo sikuwa nimeyawaza, kama vile mlango mdogo unaofichwa tumboni kwa mtoto anayelishwa kwa mpira, na mshono bapa usiokuwa na lebo kwa mtoto ambaye ngozi yake haivumilii mkwaruzo.

Kununua, hata hivyo, hakukuwezekana, na sababu haikuwa nauli ya mzigo na ushuru peke yake. Maumbo yale yalikatwa kwa vipimo vya viti vya kwao, vyenye magurudumu mawili madogo mbele na vinavyotembea juu ya sakafu na lami. Kiti cha mwanangu ni kirefu, kina gurudumu moja kubwa la mbele, na kiliundwa kwa ajili ya njia kama ile ya mtaani kwetu, Kisasa, yenye mchanga upande mmoja na mfereji upande wa pili. Gari la farasi la binti mfalme lingekaa juu yake kama chandarua juu ya pikipiki.

Nikaenda kwa fundi wangu pale Majengo. Ni mzee wa makamo, anashona sare za kwaya na suti za maharusi, na huwa anatupokea kwa "Mbukwenyi" hata kama amebana pini mdomoni. Mwanangu akamwamkia, akaitikiwa marahaba, na nilipoeleza shida yetu fundi akakaa kimya kidogo, akamtazama mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Mama, huyu nguo zake zote umekuwa ukizinunua za mtu aliyesimama."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Miaka tisa nimemvalisha mtoto huyu kila asubuhi, nikivuta suruali nyuma ili mgongo usibaki wazi, nikikunja kitambaa kinachojaa tumboni, nikifupisha miguu ambayo baadaye hupanda hadi katikati ya muundi akiketi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtu akiketi, umbali wa mgongoni kutoka kiunoni hadi makalioni huongezeka na wa mbele hupungua. Magoti hula urefu wa suruali. Mabega ya mtu anayesukuma magurudumu huwa mapana, na mikono huhitaji nafasi kwapani kuliko ya mtu anayetembea. Fundi alimpima akiwa ndani ya kiti, akachukua kipimo cha mgongo kikiwa kirefu kuliko cha mbele kwa sentimita saba, akapima mkono akiwa ameunyoosha hadi kwenye ukingo wa gurudumu, wala hakumwambia asimame hata mara moja. Nimeshuhudia mafundi wengine wakimshika mtoto kwapani wamninginize ili wapate urefu. Ukimpeleka mtoto wako kwa fundi wa namna hiyo, mrudishe nyumbani.

Mtoto alikuwa ameshachagua atakuwa nani. Alitaka kuwa Mchongoko. Kwa msomaji aliye mbali, hilo ndilo jina ambalo watu wamezibatiza treni za umeme zenye pua iliyochongoka zinazokimbia kwenye reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli hiyo ilianza kubeba abiria hadi hapa kwetu mwaka 2024, treni zake zinafikia kilomita 160 kwa saa, na mwanangu anazungumza habari zake asubuhi, mchana na wakati wa sala ya jioni. Kwanza niliona amechagua jambo gumu. Fundi ndiye aliyenionyesha kwamba kiti chenye gurudumu moja la mbele tayari kimechongoka, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kukificha, tulichotakiwa ni kufuata umbo lake. "Ila mimi treni sijawahi kushona," akaongeza, "nitashona dereva. Treni mjenge wenyewe."

Kabla ya kujenga chochote ilibidi nifikirie mwili. Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, na wazazi wenzangu wa watoto hao wataniwia radhi nikieleza wanayoyajua, kwa maana wapo wasioyajua. Hana hisia kamili kuanzia mapajani kwenda chini. Mshono mnene, mfuko wa nyuma, kifungo au hata sarafu iliyosahauliwa chini ya makalio inaweza kumtoboa kidonda bila yeye kusikia maumivu yoyote, na kidonda cha mgandamizo hupona kwa miezi. Suruali ya dereva wa treni, kwa hiyo, haikuwekwa mfuko wa nyuma, na kitambaa cha makalio kilikuwa kipande kimoja kisicho na kiungo. Kila baada ya muda mfupi anapaswa kujiinua kwa mikono ili damu ipite, hivyo hakuna kitu kilichoruhusiwa kumfunga kiunoni kwenye kiti isipokuwa mkanda wake wa kawaida. Tena, huwekewa mpira wa kutolea mkojo kila baada ya saa tatu au nne, na sherehe ya shule huchukua saa tano pamoja na hotuba. Vazi la kipande kimoja lenye zipu mgongoni, kama yale ya dubu na chui yanayouzwa tayari, lingetulazimu kumvua nguo zote chooni. Fundi alifungua suruali mbele kuanzia kiunoni hadi pajani kwa ile mikanda miwili inayonatana, ambayo ukiibandua hulia kama karatasi inayochanwa na mafundi huiita velkro, kisha akashonea juu yake vifungo vya urembo vya shaba ili ionekane sare ya kweli.

Lililoniogopesha kuliko yote ni vinyago. Watoto wenye mgongo wazi hufanyiwa upasuaji tangu wakiwa wachanga, hukutana mno na glavu na mirija ya mpira wa asili, na wengi wao hatimaye hupata mzio wa mpira huo, ambao unaweza kuanza na muwasho na ukaishia kwenye kubanwa pumzi. Vinyago vingi vya kutisha vya kuvaa kichwa kizima hutengenezwa kwa mpira huohuo, na maputo ya kupambia ukumbi ni hayohayo. Nilimwandikia mwalimu wa darasa mwezi mzima kabla, nikamwomba ukumbi upambwe kwa karatasi na vitambaa, na naye akakubali bila kuuliza maswali mengi. Mwenye mtoto wa namna hii asione haya kuandika barua hiyo. Kofia ya dereva nayo ilishonwa bila lastiki, kwa sababu nyuma ya sikio lake la kulia unapita chini ya ngozi mrija wa kupunguza maji ya kichwani, na sikutaka kitu chochote kiukandamize kwa saa tano.

Liko pia joto. Oktoba ya Dodoma ni jua kali, vumbi na upepo mkavu, mvua zikiwa bado zimelala hadi mwisho wa Novemba au Desemba, na mavazi ya Halloween yalibuniwa kwa watu ambao mwezi huo kwao ni wa kuvaa sweta. Watu walioumia uti wa mgongo sehemu za juu huweza kupoteza uwezo wa kutoka jasho chini ya jeraha, kwa hiyo mwili hupata moto bila dalili ambayo mtu wa pembeni angeiona. Manyoya ya bandia na lailoni niliviondoa kwenye orodha siku ya kwanza. Pamba ilitosha.

Treni tuliijenga barazani kwa wikendi tatu. Fremu ilikuwa ya bomba la plastiki la maji la nusu inchi, jepesi, lililounganishwa kwa viwiko vya dukani, na tuliifungia kwenye mirija ya kiti kwa zile kamba za plastiki ambazo mafundi umeme hufungia nyaya, ili sherehe ikiisha zikatwe na kiti kibaki bila tundu wala mkwaruzo. Usitoboe kiti cha mtoto kwa ajili ya sherehe ya jioni moja. Juu ya fremu tuliweka maboksi ya friji kutoka kwa jirani, tukayapaka rangi ya maji, na madirisha ya abiria tukayachora upande mmoja kwa ustadi na upande wa pili kwa haraka kwa kuwa rangi ilikuwa inaisha.

Jaribio la kwanza lilishindikana kabisa. Nilikuwa nimefanya treni pana ili ipendeze, nikasahau mlango wa darasa una sentimita 86 na kiti chenyewe kina 66, maana yake ni kwamba kila upande zilibaki sentimita kumi, na katika kumi hizo lazima vidole vya mtoto vipite vikiwa vimeshika ukingo wa gurudumu. Tukapunguza. Katika jaribio la pili tuligundua kwamba hafikii breki, na kwamba pua ya treni ilimzuia kuona gurudumu lake la mbele, jambo ambalo kwenye njia yenye mashimo ni sawa na kuendesha gari umefumba macho. Tukaishusha pua hadi chini ya magoti yake. Maboksi ya mabehewa, ambayo nilipanga yaning'inie nyuma, tuliyaacha, kwa sababu mzigo ukikaa kwenye vishikio vya nyuma kiti huinuka mbele na kupinduka hasa kinapopanda mteremko mdogo, na badala yake dada yake mwenye miaka sita alivaa boksi moja kwa mikanda ya mabegani, akamfuata kwa miguu kama behewa la daraja la juu. Pembeni mwa magurudumu tuliacha wazi kabisa. Hakuna kitambaa, utepe wala uzi ulioruhusiwa kufika karibu na spoku, na nadhani hamhitaji kuuliza kwa nini.

Taa za mbele zilikuwa tochi mbili ndogo za betri. Mwanangu alitaka ziwake na kuzima, nikakataa, kwani darasani kwao yuko mtoto mwenye kifafa na mwanga unaopigapiga huweza kumwamshia mtu degedege. Hali kadhalika mishumaa: boksi, satini na mshumaa ni mchanganyiko ambao hata mtu mwenye uwezo wa kukimbia hapaswi kuukaribia, sembuse aliyefungiwa fremu.

Wakati huo, habari za treni zilikuwa zimeshafika kwa wazazi wenzangu tunaokutana kliniki, na jioni mbili tatu baraza langu likawa kama karakana. Nilichoshangaa ni jinsi mahitaji yanavyotofautiana kiasi kwamba maneno "vazi la mwenye ulemavu" hayakuwa na maana yoyote. Binti mmoja anayetembelea magongo alitaka kuwa twiga, na kumbe magongo ni miguu ya mbele ya twiga tayari. Mama yake aliyaviringishia kitambaa cha madoa kuanzia chini ya kishikio hadi karibu na ncha, akaacha kishikio kitupu ili kiganja kisiteleze na mpira wa ncha mtupu ili ushike sakafu, na gauni likaishia magotini. Kijana asiyeona hakuhitaji mwenye macho amchagulie. Alipapasa vitambaa vyote vya fundi, akachagua gunia na manyoya ya kuku, akawa bundi, kwa sababu, alisema, anataka mtu akimgusa ajue. Fimbo yake nyeupe tulikubaliana isipambwe hata kidogo, kwa kuwa weupe ule ndio unaomwambia dereva wa bodaboda kwamba huyu haoni, na bodaboda hawajui kama leo ni Halloween.

Nilijifunza mengi zaidi kutoka kwa binti kiziwi wa mtaa wa pili, mwenye miaka kumi na miwili na ulimi, nikisema hivyo, mkali mikononi. Nilimpendekezea paka mwenye kinyago na makucha ya glavu. Alinitazama kama mtu aliyependekeziwa azibwe mdomo. Akanieleza, mama yake akitafsiri, kwamba lugha ya alama haiko vidoleni tu, iko pia kwenye nyusi, mashavu na midomo; nyusi zikibadilika, maelezo yanakuwa swali, na mtu akimficha uso wake amemnyang'anya nusu ya sarufi. Glavu zenye vidole vinene nazo zinamfanya, kwa maneno yake, "kigugumizi". Ombi lake lilikuwa kwamba si yeye tu asivae kinyago, wale wanaotaka kuzungumza naye pia wavae sura zao wazi, au wachore sura kwa rangi. Vifaa vyake vya usikivu tuliviacha nje ya masikio ya paka, kwa kuwa kitambaa kikivigusa hukwaruza na kupiga mluzi. Akawa paka mwenye sharubu za kuchora, na akawa na maneno mengi kuliko wote.

Mtoto mwenye usonji, yeye alihitaji muda. Mama yake alilifua vazi lake la zimamoto mara nne ili kitambaa kilainike, akatoa lebo zote, akampa alivae dakika tano siku ya kwanza na kumi siku ya pili, na mwishowe mtoto akakubali koti akakataa kofia, na hapo mjadala ukaisha. Mtoto wa zimamoto asiye na kofia bado ni wa zimamoto. Na kwa binti mwenye ualbino, ambaye kofia pana na mikono mirefu ni lazima kwake kila siku kwenye jua letu, tulimtafutia mhusika ambaye kofia pana ni haki yake: akawa mkulima wa zabibu wa Hombolo, na kikapu mkononi.

Hapa pana jambo ambalo halinitoki moyoni. Katika sherehe ya mwaka uliopita, watoto wawili wakubwa walikuja wakichechemea, mmoja amekunja mkono kifuani na kupindisha mdomo, wakijiita mazimwi. Haramia naye kwa desturi huvalishwa ndoano mahali pa mkono, mguu wa mti na kitambaa cha jicho. Mchawi huvalishwa kibyongo. Mwanangu aliniuliza tukiwa kwenye bajaji ya kurudi nyumbani kama wale waliigiza kutisha au waliigiza kutembea kama watu wa kliniki. Sikuwa na jibu zuri. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani za kwamba wao si watu kama wengine, kuufanya mwili wa mtu kuwa kinyago cha kutisha si mchezo mdogo, na safari hii niliposema na mwalimu kuhusu maputo nilimwomba hili pia litangazwe. Lilitangazwa. Mtoto na aje akiwa mzimu, popo, buibui, hata deni la benki. Aache ulemavu wa mwenzake.

Siku yenyewe ilifika. Mchongoko ulipita mlango wa darasa ukibakiza sentimita saba kila upande, na dereva wake, amevaa shati la bluu na vifungo vya shaba, alitangaza vituo vyote kuanzia Dar es Salaam, Pugu, Morogoro hadi Dodoma huku behewa lake likimlalamikia kwamba anakwenda kasi. Foleni ya watoto waliotaka kupanda ilikuwa ndefu, na yeye aliwatoza ubuyu kama nauli. Hakuna aliyemsukuma bila kumwomba ruhusa. Nadhani mtu huogopa kusukuma treni.

Ilipofika zamu ya kupanda jukwaani kuonyesha mavazi, tulikuta ngazi nne. Ngazi hizo zilikuwapo mwaka jana na nilikuwa nimezisahau, kwa sababu mwaka jana tulikuwa tunashughulika na shingo. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayozungumzia majengo kufikika, lakini saa kumi na moja jioni sheria haiinui treni. Baba wawili walijitolea kukinyanyua kiti. Mwanangu akakataa, akasema Mchongoko haubebwi, na akapita mbele ya jukwaa chini, akiwa amewasha taa zote mbili, na watoto waliokuwa juu wakashuka wakamfuata. Mwalimu amenihakikishia kwamba mteremko wa mbao utatengenezwa kabla ya mahafali ya Desemba. Nimemwachia vipimo: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu, na ukingo pembeni.

Gharama yote, kwa anayetaka kujua, ilikuwa shilingi 41,000, ushonaji ukiwa zaidi ya nusu yake. Mabomba nimeyarudisha kwa jirani na sare ya dereva anaivaa kanisani. Pua ya treni bado ipo nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, kuku wa mama mkwe ametaga ndani yake mayai manne, na mwenye treni amekataza isiguswe mpaka vifaranga watoke.